Basi la Wanalolya

Maige Chenge alikuwa na maadui wawili tu hapa duniani, na wote wawili ni herufi. Mmoja anaitwa L, mwenzake R. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuchekwa siku moja likaisha, maana nusu ya Mwanza inasema "habali za asubuhi" na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini Maige ni fundi wa maandishi pale Igoma. Tangu kijana hadi sasa ana mvi za kutosha, kazi yake ni kuandika kwa brashi kwenye magari, milango ya maduka na kuta za mashine za kusaga. Ulimi ukiteleza, watu wanasahau kabla chai haijapoa. Rangi ya mafuta ikiteleza, inakaa ukutani miaka kumi inakucheka.

Na alishachekwa. Alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kazi, mama mmoja wa Nyakato alimpa ukuta wa duka aandike MCHELE SAFI. Maige, katika kujitahidi asionekane mshamba, akaandika MCHERE SAFI, kwa herufi nene za bluu zenye kivuli cha njano, kazi nzuri ajabu. Mtaa mzima ukamwita Mchere, na wapo wanaomwita hivyo mpaka leo. Ndipo akanunua daftari la kurasa mia na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Kila neno lenye R aliliandika kwa nyekundu, lenye L kwa bluu. Gari, nyekundu. Hoteli, bluu. Lori lilimpa taabu kidogo kwa sababu lina zote mbili, akalipa kichwa cha bluu na mkia mwekundu. Kabla ya kugusa ukuta wa mtu alifungua daftari kwanza, hata kama neno lenyewe ni karanga.

Sasa mtu akishaanza kuyachunguza maneno namna hiyo, hawezi kuishia kwenye herufi. Atataka kujua yametoka wapi. Maige aliulizia ukoo wa neno kama mzazi anavyoulizia ukoo wa mchumba wa mwanawe. Shule, akaambiwa, tumelipata kwa Wajerumani. Meza, kwa Wareno. Na siku moja, alipokuwa akiandika jina kwenye basi la misheni moja nje ya mji, alimgeukia padri mzee wa pale akamuuliza, "Baba, na hili basi ni la nani?"

"La misheni," padri akajibu, akimshangaa.

"Gali najua ni la misheni, Baba. Neno! Neno ni la nani?"

Padri alifurahi mpaka akaagiza kiti. Miaka yote aliyosoma Kilatini, hakuna aliyewahi kumuuliza swali tamu kama lile. Akamweleza kwamba sisi tumelichukua kwa Waingereza, na Waingereza nao wamelikata. Neno zima lilikuwa omnibus, la Kilatini, na maana yake ni "kwa wote". Wafaransa ndio waliolipa jina hilo gari la farasi la kubeba abiria, miaka karibu mia mbili iliyopita, gari ambalo hata asiye na farasi wake aliweza kupanda, tajiri na mpishi benchi moja. Tena wapo wanaosimulia kwamba jina lilitokana na bango. Gari hilo lilikuwa likisimama mbele ya duka la kofia la mtu mmoja aliyeitwa Omnès, naye juu ya mlango wake alikuwa ameandika Omnes Omnibus, kwa kuchezea jina lake, kana kwamba anasema Omnès yuko kwa ajili ya wote. Padri alisema hiyo huenda ni hadithi tu. Maige hakutaka kabisa kusikia habari za huenda. Bango! Kumbe kuna fundi mwenzake huko ng'ambo, na kopo lake la rangi, aliyelibatiza basi la dunia nzima!

"Halafu sikia," padri akaongeza. "Waingereza walipolikata, walitupa kichwa wakabaki na mkia. Na hao 'wote' walikuwa kwenye kichwa, omni. Wameachwa njiani."

Maige aliibeba hadithi hiyo kama mtu aliyeokota almasi, na hakuna mteja aliyemponyoka bila kusimuliwa. Ngosha, fundi bodi ambaye gereji yake ndiyo kijiwe cha Maige, alikuwa akisikia tu "unajua basi maana yake nini," anawasha mashine ya kuchomelea ili asisikie mengine.

Daftari lile lilikuwa na mwenzake, naye ni Paskazia, binti wa pekee wa Maige. Paskazia amesoma, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kiseke, na L na R kwake hazina ugomvi. Maige alikuwa haweki rangi mpaka binti yake ameyasoma maandishi yakiwa bado ya chaki. Akisema "safi baba," brashi inaingia kwenye kopo. Akikaa kimya, Maige anajua kuna mahali ameharibu. Walifanya hivyo miaka na miaka, na aibu ya mchere haikujirudia.

Basi, Paskazia akapata mchumba. Anaitwa Victor, kijana mpole, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki, Mjaluo wa Rorya kule Mara. Maige alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kijana aliisikiliza hadithi ya basi hadi mwisho na akauliza swali. Shida ilikuwa baba yake. Mzee Zadok Otuoma, mstaafu wa kiwandani Nyakato, mrefu, sauti nzito, ndiye mwenyekiti wa umoja wa watu wa Rorya wanaoishi Mwanza. Victor alimwomba atume mshenga Igoma. Mzee hakukataa. Alisema, "Tutaangalia." Na wewe unajua tutaangalia ya wazee wa namna ile. Inaweza kumfikisha binti wa watu miaka arobaini yuko kwao anaangaliwa.

Ikapita Pasaka, ikapita sabasaba. Paskazia hakulalamika, lakini alianza kufagia uwanja mara mbili kwa siku, na baba yake akawa anamwona na roho inamuuma. Maige alikutana na Mzee Zadok mara mbili, na mara zote mbili mzee alimwita "fundi". Fundi, hujambo. Fundi, kazi njema. Hakuna ubaya katika neno hilo, ndiyo kazi yake. Lakini Maige, mtu wa maneno, alikuwa akilisubiri neno jingine kutoka kinywani mwa mzee yule. Alitaka aitwe mzazi mwenzangu. Alilitaka neno hilo mpaka alikuwa akilisikia kwenye usingizi.

Nafasi ikaja. Umoja ule ulinunua basi la mtumba, jeupe, la kwenda nalo nyumbani kwenye misiba, harusi na sikukuu. Bodi yake ikatengenezwa kwa Ngosha, na Victor akamshauri baba yake maandishi yaandikwe kwa mkono na Mzee Maige. Stika zinabanduka, alisema. Mzee Zadok akakubali. Safari ya kwanza, ya kwenda kufungua kanisa jipya Shirati, ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa mchana mzee akapiga simu. Kulikuwa na kelele za barabara. "Fundi, andika ubavuni: Basi la Wanarorya. Herufi kubwa, watu wazione kutoka mbali."

"Basi la Wanalolya," Maige akarudia. "Sawa mzee."

Mzee akasikia alichotaka kusikia, akakata simu.

Sasa ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungemwita Paskazia. Maige pia aliwaza hivyo. Lakini si adabu msichana kuonekana akizungukazunguka kwenye mali ya baba wa mchumba wake kabla mshenga hajapiga hodi, na kumpigia simu akiwa darasani aliona haya. Zaidi ya hapo, kazi hii alitaka iwe yake mwenyewe mwanzo mwisho. Akafungua daftari. Alipekua nyekundu, akapekua bluu, akarudia nyekundu. Halikuwamo. Kurasa mia zile hazikuwa na jina la mahali hata moja, hata Mara. Akapiga mstari kwa uzi, akaandika kwa chaki, akarudi nyuma hatua sita. Kisha akafanya alichofanya.

"Ngosha! Hebu soma hapa."

Ngosha, ambaye naye ni Msukuma kutoka kijiji kimoja na Maige, alivua miwani ya kuchomelea, akasoma polepole kwa kidole. "Basi la Wanalolya. Limenyooka kabisa!"

Maige akachovya brashi. Aliandika BASI LA, akaandika W kubwa nyekundu yenye kivuli cheusi, na hapo mvua ikatoka ziwani bila hodi ikamfukuza. Jioni nyumbani hakumgusia Paskazia, maana Ngosha alishasema limenyooka, na Jumamosi alfajiri alirudi akamalizia zilizobaki. Jua lilipochomoza, zile za Ijumaa zilikuwa zimekauka na za asubuhi zilikuwa bado zinang'aa kwa ubichi. Alizitazama akafurahi. Haki ya Mungu, yalikuwa maandishi mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Victor, Janet Awuor, na kitenge chake cha safari. Alisoma, akasimama. Alisoma tena. Kisha akaweka mkoba chini, akashika kiuno, akacheka mpaka akatafuta tairi la kukalia.

"Lolya! Jamani nakufa mimi! Wanalolya!"

Maige alihisi kama amemwagiwa ndoo ya maji ya ziwa. Alijua papo hapo. Nani asingejua? Mchere ulikuwa umerudi, tena umerudi mkubwa kuliko basi. Wengine wakafika, wakacheka, wakapiga picha. Mzee Zadok alipofika hakucheka. Alitazama maandishi, akamtazama Maige, na Victor nyuma yake akatazama viatu vyake.

"Fundi," mzee akasema. "Nyumbani wanatusubiri na ngoma. Unataka tuingie hivi? Hii ni kutufanyia dhihaka."

"Mzee, si dhihaka. Ni ulimi. Nakuomba nusu saa."

"Nusu saa," mzee akasema, akaenda kunywa supu ng'ambo ya barabara, na mgongo wake ulisema yaliyobaki.

Maige alichukua tambara, akalimwagia tina ya kufutia rangi, akaanza kuyafuta yale mabichi. A ikaondoka, N ikaondoka, yakaondoka yote mpaka ikabaki BASI LA W. Akasogea pembeni akampigia binti yake. Alipomweleza, Paskazia akamtamkia herufi moja moja, kama anavyowatamkia watoto wa darasani.

"Ni R, baba. R mbili. R ya Rebeka, o, R ya Rebeka, ya."

"Nimekuhalibia, mwanangu."

"Hujaniharibia chochote. Andika tu, baba."

Akaziandika kwenye kiganja chake kwa kalamu nyekundu, ili asikosee tena. Alikuwa ameshainua brashi aliposikia sauti ya Mama Selina mlangoni mwa basi.

Mama Selina ni mjane wa Kikerewe anayepika uji nje ya gereji ile. Kila mtu pale anakunywa uji wake. Asubuhi ile alikuwa amevaa gauni la kanisani na mkononi ana kikapu. Binti yake aliyeolewa Shirati alikuwa amejifungua mapacha, na yeye hakuwa ameshika hata mmoja. Aliomba kiti kimoja tu, na kama hakuna, angekaa hata kwenye ngazi.

Mzee Zadok, aliyekuwa ametoka kwenye supu, alimjibu kwa upole, sitamsingizia. "Mama, nakuonea huruma kweli. Lakini basi hili ni la wanachama. Tukianza na wewe, hatutamaliza. Si unaona hata maandishi? Ni basi la Wanarorya."

Mama Selina akageuka kutazama maandishi ambayo hayakuwapo. Viti kumi na saba vilikuwa wazi. Maige alikuwa amevihesabu bila kutaka.

Hapo ndipo Maige alipopandwa na hasira, yeye ambaye hata mbwa wa jirani hamfokei. Na hasira ile haikuwa ya Mama Selina peke yake, tusidanganyane. Ilikuwa ya Pasaka na sabasaba, ya uwanja unaofagiliwa mara mbili, ya fundi hujambo. Mlango ule ulikuwa umemfungia na yeye. Alitazama kiganja chake, R ya Rebeka, R ya Rebeka. Angeandika vile, kila kitu kingekuwa sawa, mzee angetulia, na mshenga huenda siku moja angekuja. Alitazama ile W imesimama peke yake inamngoja. Akamkumbuka padri. Wameachwa njiani.

Hakuhitaji daftari. Herufi tatu, na hakuna L wala R ndani yake. O. T. E.

Akateremka kwenye ngazi yake. Watu wakasogea mmoja mmoja kusoma, na mwisho mzee akasoma kwa sauti yake ile nzito.

"Basi la Wote." Akageuka. "Nani amekwambia uandike hivi?"

"Hakuna, mzee. Nimeandika maana yake tu." Na Maige, kwa kuwa sasa hakuwa na cha kupoteza, akaisimulia yote. Wafaransa, farasi, duka la kofia, bango, kichwa kilichotupwa na mkia uliobaki. Kisha akanyoosha brashi kwenye maandishi. "Kwa hiyo mzee, basi la watu fulani tu halipo. Likishakuwa la watu fulani, ni gali tu. Tafuta jina jingine. Nikikosea helufi, nichekeni. Lakini neno lenyewe silikosei."

Ngosha alikuwa ameshika swichi ya mashine ya kuchomelea, na safari hii hakuiwasha.

Aliyejibu ni Mama Victor. "Zadok," alisema akiwa palepale kwenye tairi lake, akijipangusa machozi ya kicheko. "Siku unakuja Mwanza mara ya kwanza, na lile sanduku lako la bati, ulipanda gari gani?"

Mzee akakohoa. "Hayo ya zamani ya nini?"

"Alipanda basi la kwaya!" Janet akawatangazia watu. "Kwaya yetu, tunatoka kwenye mashindano. Yeye hata kuimba hajui! Amesimama barabarani ananyeshewa, mwalimu wa kwaya akasema jamani huyu naye ni mtu, tumsogezee. Akasogezewa kwangu. Sasa fikiria lingekuwa limeandikwa ubavuni 'la wanakwaya tu'. Victor angetoka wapi?"

Loh! Watu waliangua kicheko, Victor akainua macho kutoka kwenye viatu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mzee mwenyewe akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Aliyatazama tena maandishi, mikono nyuma. Kisha akaenda mlangoni, akachukua kikapu cha Mama Selina kwa mkono wake mwenyewe, akakipandisha.

"Kaa mbele, mama," alisema. "Nyuma kunatikisika sana."

Halafu akamrudia Maige. Alizunguka naye mpaka mbele ya basi, akaonyesha pale juu ya kioo palipobaki peupe. "Hapa andika tunakokwenda. Andika Sirati."

Brashi ya Maige ikasimama hewani. Alimtazama mzee. Alikuwa ameshaonja joto ya jiwe asubuhi ile, hakutaka tena. Akauliza kwa adabu zote, "Mzee, nisamehe. Ni Silati au Shilati?"

"Si ndiyo hiyo ninayosema? Sirati!"

"Silati," Maige akasema.

"Sirati!" mzee akakazia, na S yake ilikuwa kavu kama kuni, maana Wajaluo wa umri wake na SH hawajawahi kupatana.

Mama Victor ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza. Baada ya hapo gereji nzima ikaangua, abiria madirishani, Ngosha na miwani yake, Mama Selina huko mbele anapiga makofi. Mzee Zadok alimtazama mkewe, akawatazama watu wake, akaelewa. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka kicheko cha mtu mrefu, kinachoanzia chini sana, mpaka akamwegemea Maige begani ili asianguke.

"Andika unavyojua wewe," alisema alipopata pumzi. "Na jioni ya kesho tukirudi, mwambie binti yako asilale mapema, kuna watu wangu wawili watapiga hodi kwako. Andika, mzazi mwenzangu."

Maige alipanda ngazi. Macho yalikuwa yamejaa maji hata kioo hakukiona vizuri. Aliitazama R ya Rebeka kiganjani, akaandika SHIRATI hivyohivyo. Basi lile lipo, linapita Igoma kila wiki, na ukilitazama mbele utaona kwamba herufi zote zimenyooka isipokuwa ile S ya mwanzo. Imepinda, na Maige amekataa kuirekebisha.